Kikao Ambacho Mpwa Wangu Hakuhudhuria

Ukoo wetu una daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, la aina wanayotumia makarani, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiliandika mimi. Katika wajukuu wa bibi yetu mimi peke yangu nilifika kidato cha nne, nikafanya ukarani kwenye ghala mjini Morogoro mpaka nilipostaafu na kurudi kijijini kwetu Kinole. Ndugu zangu walijua mikarafuu na migomba. Mimi nilijua kuandika "Agenda ya kwanza: kufungua kikao." Walinisifu kwa hilo, na nilipenda kusifiwa.

Katika daftari hilo kuna ukurasa mmoja nilioandika uongo. Uongo huo ulivuka milima hii, ukavuka bahari, ukamkuta mtu mahali ambapo niliamini jambo la Kinole lisingeweza kumgusa tena.

Mtu huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Alizaliwa na ualbino. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, kwa hiyo tangu akiwa mdogo mambo yake mengi yalipitia kwangu: shule, kofia ya jua, posa alizokataa, mtoto wa kike aliyemzaa bila ndoa. Alipokuwa mtu mzima alipanga chumba Mafiga, mjini Morogoro, akawa anauza viungo sokoni. Kila baada ya wiki mbili alipanda Kinole kuchukua mdalasini na pilipili manga.

Kosa langu la kwanza lilitokea wakati huo, na si lile la daftari. Mchana mmoja walikuja wanaume wawili nyumbani kwangu. Walinipa shikamoo vizuri, wakasema wananunua karafuu ikiwa bado mtini. Niliwatembeza shambani. Hawakutazama juu hata mara moja. Mtu anayenunua karafuu mtini hutazama juu mpaka shingo imuume, na mimi niliyezaliwa chini ya miti hiyo sikuliona hilo. Wakaniuliza kama yule binti yangu wa sokoni huja siku gani, maana wangependa kununua na mdalasini. Nikawaambia Jumamosi.

Jumamosi ile mvua ilikata barabara juu ya Mkuyuni na gari alilopanda likashindwa kupita. Wachumaji waliokuwa wakiteremka kwa miguu waliwakuta wale wawili wamekaa kwenye kona ya kijito, na panga na gunia jipya lisilo na kitu ndani. Walipoulizwa wakaondoka bila kukimbia. Habari ilipomfikia mpwa wangu alinipigia simu na kuuliza jambo moja tu: nani aliwaambia siku yake. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Asante kwa kusema kweli, mjomba."

Hakupanda Kinole tena. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kwenda kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wadogo katika nchi moja ya mbali, na mafunzo yalipokwisha hakurudi. Aliomba hifadhi. Mtoto wake, aliyekuwa na miaka saba, alibaki na bibi yake, yaani dada yangu. Ilichukua miaka kabla hajakubaliwa, na alipokubaliwa alitupigia simu ya picha, akatuonyesha kitabu chembamba cha rangi ya buluu, mfano wa pasipoti lakini si pasipoti.

"Hiki ndicho ninachosafiria sasa," alisema. "Soma hapo, mjomba. Nimekuza maandishi."

Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini nilielewa. Hati ile ilikubalika kwa safari za nchi zote isipokuwa Tanzania.

Nilicheka. Nikamuuliza kama ina maana anaweza kwenda kwa Wachina lakini Kinole hawezi.

"Wachina wanaweza kuninyima viza," akasema, naye akicheka. "Ila Kinole nimejinyima mwenyewe, siku niliyoomba kukaa hapa."

Kisha akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mzee. Alikuwa amewaambia maofisa wa huko kwamba nyumbani atauawa na kwamba hakuna wa kumlinda. Wakamwamini, wakampa ulinzi wao. Siku akionekana amerudi kwao kwa hiari yake, wana haki ya kumuuliza: hofu yako imekwenda wapi? Wanaweza kufungua jalada upya. Hata pasipoti yake ya zamani hakutakiwa kuitumia, kwa sababu kuitumia ni sawa na kuiomba serikali ya nchi yake imlinde, na alikwisha sema haiwezi. Nairobi angeweza kufika, wakimpa viza, lakini hata huko aliambiwa asizoee, maana ni karibu sana na kwao na maswali hayakosi.

Nilimsikiliza, lakini niliyaona kuwa mambo ya ofisini. Maisha yangu yote nimeona masharti ya ofisini yakilegea mtu akijua pa kuzungumza. Sikuwahi kuona ofisi ambayo karatasi yake inamaanisha kila neno lililoandikwa.

Dada yangu alifariki wakati wa masika, baada ya kuugua siku chache. Nilimpigia mpwa wangu mimi mwenyewe. Alilia, kisha akaniambia hawezi kuja. Nikamwambia ashukie Nairobi, apande basi, mpakani Namanga kuna njia nyingi, nani atajua? Akasema watajua, na wasipojua yeye atajua, na siku akiulizwa atashindwa kudanganya. Hapo nikamwambia neno ambalo hadi leo natamani lingekwama kooni.

"Mama yako anazikwa mara moja tu," nilimwambia. "Hicho kitabu utakizika mara ngapi?"

Tulizika bila yeye.

Baada ya siku arobaini tukaondoa matanga. Siku hiyo kwetu kuna jambo la kumrithisha marehemu. Anachaguliwa mtu wa damu yake, anakalishwa mkekani, anavishwa kaniki, ananawishwa mikono kwa maji yaliyotiwa unga, na mjomba anamwita kwa jina la marehemu. Akishaitikia, ndiye. Shamba linamfuata. Dada yangu aliacha shamba zuri, mikarafuu mikubwa na mdalasini hadi kijitoni, na aliyestahili kukalia mkeka ule ni binti yake mmoja, yule aliye mbali. Lakini mpwa wangu mwingine, mwanamume, mtoto wa dada yangu mdogo, alikuwa amekwisha sema mbele ya watu kwamba mkeka haukaliwi na simu.

Watu wakacheka. Nami nikajibu kwamba mkeka utakaliwa.

Nilimkalisha yule mtoto wa mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne, akiwa amevaa kanga ya mama yake. Hilo si jipya. Kwetu aliye safarini hukaliwa na damu yake, na anayekaa kwa ajili ya mtu ndiye mtu huyo, kwa muda ule wote mpaka mkeka ukunjwe. Nilimwita mtoto kwa jina la bibi yake, akaitikia kwa sauti ndogo. Wazee wote waliridhika. Mama yake alikuwa kwenye simu akisikiliza, na nilimsikia naye akiitikia.

Kwa mila, mambo yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa ya karatasi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulitakiwa upelekwe kwa mtendaji wa kijiji ugongwe mhuri, ili shamba lisije likaletewa maneno. Niliujua utaratibu: mrithi akiwakilishwa na mtu, lazima iwepo karatasi ya kumpa mamlaka, iliyothibitishwa huko aliko. Hilo lingechukua miezi, na mpwa wangu wa kiume hakuwa na subira ya miezi. Nikafungua daftari. Kwenye orodha ya mahudhurio niliandika jina la mpwa wangu la tatu kutoka juu. Ningeweza kuandika mbele yake "kwa niaba yake, binti yake." Kalamu ilikuwa pale. Niliyaacha maneno hayo. Nikaandika kwamba mrithi alihudhuria yeye mwenyewe, alikalishwa, alikubali, na mtoto wake akawekwa chini ya uangalizi wangu. Penye sahihi yake nilimwambia mtoto aweke dole gumba.

"Babu, hili ni dole langu," alisema.

Nikamwambia leo ni la mama yake. Nikamfundisha pia kwamba mtu yeyote akimuuliza, aseme mama alikuwepo, ili shamba la bibi lisipotee. Mtendaji alikuwa mgeni kijijini, hakuwa amefika kwenye matanga. Aliniamini kwa mvi zangu, akagonga mhuri. Mpwa wangu wa kiume alitaka kupinga, wazee wakamwambia aliyekaa mkekani ndiye. Jambo likaisha.

Halikuisha. Muhtasari ule ulibandikwa ubaoni pale ofisini, na waliokuja kufuata mbolea au barua waliusoma. Wale ambao hawakuwepo kwenye matanga walielewa kile kilichoandikwa: yule binti amerudi. Habari ikateremka na wachuuzi wa mananasi hadi Mkuyuni. Wiki ya tatu ikaja pikipiki isiyo na namba, yenye abiria mmoja, ikasimama chini ya nyumba yangu saa sita mchana. Abiria aliniamkia kwa adabu. Akasema amesikia mwenye shamba la mdalasini karudi, angependa kufanya naye biashara. Nilimwambia hayupo, yuko nje ya nchi.

"Mzee wangu," akasema akitabasamu, "mbona imeandikwa kwamba yupo?"

Walikuja tena mara mbili. Mara ya mwisho hawakunisalimu mimi, walizungumza na mtoto alipokuwa akitoka shule, wakamuuliza mama yake analala chumba kipi. Mtoto alikuja kunieleza bila hofu, kama anayeeleza habari ya watu waliopotea njia. Siku iliyofuata nilimpeleka Mafiga, kwa mjane wa rafiki yangu wa kazini, nikamhamishia shule ya huko. Mama yake sikumwambia sababu. Nilisema shule za mjini ni bora.

Mpwa wangu yeye alikuwa akishughulika na jambo jingine, lile alilolisubiri miaka yote: kumchukua mtoto wake. Aliyepewa hifadhi anaruhusiwa kuomba mwanawe aungane naye, mradi mtoto hajafika umri wa mtu mzima, na athibitishe kwamba ni wake na kwamba anayemlea ameridhia. Akaniomba karatasi zote. Nilimtumia kwa simu cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha dada yangu, na muhtasari, kwa sababu ndani yake ndimo nilipotajwa kuwa mlezi. Nilipiga picha kila ukurasa, nikajivunia mwandiko wangu ulivyotokea.

Kule karatasi zikatafsiriwa, zikawekwa kwenye jalada. Miezi minne baadaye alipata barua. Haikuhusu mtoto. Ilimtaka afike kueleza kwa nini nyaraka alizoleta yeye mwenyewe zinaonyesha alikuwa kijijini kwao Tanzania, katika kikao, siku iliyotajwa, na kwa nini ulinzi aliopewa usitazamwe upya. Ombi la mtoto lilisimamishwa mpaka hilo liamuliwe.

Nilimuuliza kama hakuusoma muhtasari kabla ya kuutoa.

"Niliusoma, mjomba," alisema. "Niliusoma mara mbili, nikalia. Sikuona kosa. Nilijua yule mkekani ni mimi."

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya jambo lolote nililowahi kusikia. Aliusoma kwa macho ya Kinole. Mimi niliyekuwa karani, niliyejua macho ya ofisini yanavyosoma, ndiye niliyepaswa kuona.

Nilikwenda mjini kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa la Mhindi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini, kisha akaniuliza kama najua kwamba ninachotaka kuapa ni kukiri kwamba niliandika uongo kwenye karatasi iliyogongwa mhuri. Nikasema najua. Akaandika kiapo, nikakisoma, nikatia sahihi. Kisha nikaitisha ukoo na kulisoma kosa langu kwa sauti, nikaandika muhtasari mpya. Mpwa wangu wa kiume hakunitukana. Alisema tu, "Mjomba, leo umenipa shamba kwa mkono wako," na ndivyo ilivyokuwa, maana muhtasari wa uongo ulipofutwa shamba halikuwa na mrithi mwenye karatasi. Wazee walitazama chini. Tangu siku hiyo daftari linaandikwa na mtu mwingine.

Mtu mmoja sikumwambia, naye ni yule mtoto. Nilijiambia ni mdogo, asisumbuliwe na mambo ya wakubwa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Alikuwa ananiita babu kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyebaki kuniita, na sikutaka ajue kwamba jambo nililomfundisha kulisema lilikuwa uongo uliomdhuru mama yake.

Ofisi ile ya mbali ilipopokea kiapo, iliomba kuzungumza na mtoto. Aliitwa Dar es Salaam, kwenye ubalozi wao. Nilimsindikiza. Njiani alikuwa na furaha, akiniuliza kama huko kwa mama yake kuna embe. Niliambiwa nisubiri nje. Aliingia asubuhi, akatoka karibu na adhuhuri, akiwa na chupa ya maji waliyompa.

Nilimuuliza walimuuliza nini. Akasema mengi: jina, shule, rangi ya nyumba ya bibi. Kisha wakamuuliza kama mama yake alikuwepo kwenye matanga.

"Nikasema alikuwepo, babu," aliniambia. "Wameniuliza mara tatu, wakaniambia nisiogope. Sikubadilisha."

Alinitazama akisubiri nimsifu.

Nilipiga simu kwa mpwa wangu palepale barabarani, nikamwambia. Nikarudi pia mlangoni nikaomba niingie kueleza. Mlinzi alinipa shikamoo, akachukua ujumbe wangu, akarudi kusema kwamba maelezo yamekwisha chukuliwa. Kwenye basi la kurudi Morogoro ndipo nilipomweleza mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniuliza kwa nini sikumwambia kabla, na nikamjibu kwamba niliona haya, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo yetu hadi Chalinze, na kutoka Chalinze hadi tulipofika.

Sasa jalada la mpwa wangu lina karatasi mbili zenye sahihi yangu, moja inasema alikuwepo na nyingine inasema hakuwepo, na juu yake kuna sauti ya mwanawe. Ana wakili huko. Ana kadi za kazini zinazoonyesha alikuwa zamu siku ile, na hizo ndizo tunazozishikilia. Wakili wake anasema zinaweza kutosha. Hasemi zitatosha. Uamuzi ulitakiwa kutoka mwezi uliopita, haujatoka. Mtoto anakaribia miaka kumi na saba, na umri wake hausubiri jalada.

Mpwa wangu hanilaumu. Wiki iliyopita alipiga simu, tukazungumza juu ya mvua na bei ya karafuu. Halafu akauliza kama kile chumba cha uani kwangu bado kipo wazi. Nikasema kipo. Akauliza kama mlango wake una komeo kwa ndani.

Nikasema nitaangalia. Nilikuwa najua kwamba hauna.

Jana nimemleta fundi seremala. Ameweka komeo la chuma, na mimi nimemwambia aongeze la pili chini, na apime pia ubao wa dirisha. Alikuwa akipiga misumari mchana kweupe, na kila nyundo ilisikika hadi barabarani. Aliniuliza mgeni anafika lini. Nikamwambia hakuna mgeni, hakuna mtu anayekuja.

"Sawa, mzee," alisema, misumari mdomoni, akicheka kidogo. "Basi huyo asiyekuja tumfungie imara."

Nikamwapia kwamba nasema kweli. Akaitikia kwa heshima, ndiyo mzee, kama anavyoitikiwa mtu ambaye hakuna tena haja ya kubishana naye. Chini ya shamba, kwenye njia, watu wawili walikuwa wamesimama wakitazama kazi inavyokwenda. Sikuwatambua. Niliwapungia mkono, nao wakanipungia, na hawakuondoka mpaka fundi alipomaliza.